Ripita Kilimani kwa Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili. Amesema nikijisikia kumsema mtu, nimseme humu, ili mdomo upate kupumzika. Nimemwambia mdomo wangu haujawahi kulalamika kwamba umechoka. Hakucheka. Basi naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Tunakaa bondeni, kwenye nyumba yenye karakana yangu ya redio na simu kwa mbele. Yeye ni muuguzi katika zahanati ya ng'ambo. Katikati kuna mto ambao kiangazi unauvuka bila kuvua viatu, na masika unabeba ng'ombe. Simu huku hazishiki. Masika iliyopita alikuwa akisimama ukingo ule, nami nimesimama ukingo huu na mwavuli, tunapungiana mikono tu, hajui avuke au alale huko. Siku moja akavuka na maji yakamfika kifuani. Alifika nyumbani hana kiatu hata kimoja, akanitazama, akasema, "Wewe si fundi wa mawasiliano?"

Swali hilo ndilo lililozaa ripita.

Redio ndogo za mkononi ninazo, nimezifufua mwenyewe kutoka kwenye vyuma chakavu. Tatizo ni kwamba mawimbi yake yakigonga kilima yanaishia hapo. Ripita ni kisanduku kinachokaa juu, mahali panapoona pande zote mbili. Kinakusikia kwa masafa haya, na papo hapo kinayarudia maneno yako kwa masafa mengine, kwa nguvu, jamaa wote wenye redio wayasikie. Ni sawa na kumweka mtu mwenye sauti kubwa juu ya kilima arudie kila neno lako.

Kilima kinachofaa ni kimoja tu, na juu yake anakaa mama mkwe.

Jumanne, 5 Machi

Nimepanda kilimani kuomba mahali pa kusimamisha mlingoti. Nilivaa shati la kola na nilikuwa na hotuba. Hotuba haikupata nafasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mke wako? Mdogo wako? Ile pikipiki yake iliyokuwa inakohoa?"

"Imepona, mama."

"Na mgongo wako? Na yule jirani yenu mwenye mguu?"

Dunia nzima inaniita fundi, mpaka watoto wa mtaani. Yeye peke yake ananiita baba. Nilimjibu kuhusu mgongo, nikamjibu kuhusu mguu wa jirani, nikapenya katikati ya salamu mbili na kusema shida yangu.

"Kilima chenyewe nakifanyia nini, baba? Weka."

"Kutakuwa na mlingoti mrefu, mama, na kisanduku, na paneli ya sola, na nyaya nne za chuma za kuushikilia..."

"Weka. Na wewe utakuwa unakuja kuviangalia?"

"Lazima. Kila Jumamosi, mpaka vitulie."

"Basi weka viwili."

Nilicheka. Njiani nilikuwa nawaza jua tu: pale linapiga tangu asubuhi hadi jioni, betri itashiba.

Jumamosi, 9 Machi

Saruji. Mgongo.

Alhamisi, 14 Machi

Mlingoti umesimama! Mdogo wangu, ambaye kwa sababu ya gereji yake watu wote humwita Spana, alivuta, mimi nikaelekeza. Yeye anasema aliyevuta ndiye aliyefanya kazi. Kigingi cha nne kimeingia kwenye udongo laini nyuma ya jiko la mama. Spana alitaka tukitafutie mahali pengine, pagumu. Nikamwambia mlingoti wa mtu mmoja hauhitaji msingi wa ghorofa.

Mama mkwe alitazama kila hatua akiwa amevaa gauni lake zuri la kijani, na alimuuliza Spana habari za watu ambao Spana mwenyewe alishawasahau.

Jumanne, 19 Machi

Nimeshinda mjini, ofisi ya masafa. Dirishani alikuwepo mama mmoja wa miwani ya kamba. Nilimweleza nguvu za ripita, urefu wa mlingoti na aina ya antena, akaniacha nijichokee mwenyewe.

"Leseni ya binafsi ni ya mtu na jamaa zake," akasema. "Mke, watoto, ndugu, wakwe. Si ya wateja, si ya majirani, si ya fundi wa kukodiwa. Asiye jamaa asiongee humo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Eneo la nani?"

"La mama mkwe wangu."

"Amekubali?"

"Amesema hata niweke viwili."

"Hayo atamwambia mkaguzi wetu kwa mdomo wake mwenyewe. Watu wanatuletea wakwe waliokubali, tukifika tunakuta wakwe wameshika shoka."

Nimepewa kibali cha majaribio mpaka mkaguzi atakapokuja mwishoni mwa Aprili. Akiridhika, tunapata leseni. Mwenye eneo akikataa, nashusha kila kitu, na mke wangu anarudi kupungiwa mkono na mwavuli.

Jumamosi, 23 Machi

Imesema! Sauti ya mke wangu kutoka zahanati imekuja safi, kama yuko chumba cha pili. Spana naye kaingia kutoka gereji. Nilitaka kulia, nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Kisha zamu ya mama mkwe. Nilimfundisha: bonyeza, ngoja kidogo, sema, achia. Akabonyeza. Hakuachia. "Haloo. Ni mimi hapa kilimani. Hamjambo wote? Mwanangu, wagonjwa wako hawajambo? Spana, gereji haijambo?" Akaendelea mtu kwa mtu, na hakuna aliyeweza kumjibu maana kidole kiko palepale, hivyo akajijibu mwenyewe: "Haya, nashukuru kama hamjambo." Spana anasema alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini ana faida moja kubwa. Kutoka uani kwake kivuko chote kinaonekana. Tumekubaliana kila jioni kabla mke wangu hajafunga zahanati, mama amwambie hali ya mto.

Jumanne, 26 Machi

Mama huzungusha kitasa cha chaneli bila kujua, halafu anapotea hewani. Nimeipanga redio yake upya: aweke namba yoyote, maneno yanapita kilimani. Nikaunakili mpangilio huo kwa waya kwenye redio zote za jamaa kwa mkupuo mmoja. Kazi safi.

Jumatano, 27 Machi

Mvua imeanza rasmi. Mama ametoa salamu ndefu kuliko mvua.

Ijumaa, 29 Machi

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi leo nimejikwaa ulimi mbele ya bonde zima.

Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kujitetea.

Tangu zamani mimi na Spana tuna chaneli ya nne. Ni ya karakana na gereji tu, redio kwa redio, haipandi kilimani. Huko ndiko tunakopigia soga. Mchana huu mvua ilikuwa kubwa, hakuna mteja, nikageuza kitasa hadi nne nikamwita. Sikukumbuka kabisa kwamba juzi niliponakili ule mpangilio wa mama kwenye redio zote, na yangu ilikuwa mezani pamoja na nyingine. Na ya Spana pia. Chaneli ya nne haipo tena. Zote zinapita kilimani. Fundi ndiye aliyeiua, na fundi ndiye aliyesahau msiba.

Spana akauliza, "Vipi, mama mkwe leo kamsalimia nani?"

Nikaanza kumwiga. Namwiga vizuri, hilo ndilo balaa. "Haloo redio, hujambo redio? Na betri haijambo? Na waya mama yake betri?" Spana anakufa kwa kicheko. Kicheko cha mtu kinanifanya mimi niongeze, ndivyo nilivyo.

Akasema, "Lakini kaka, siku hizi kila Jumamosi uko kule. Umekuwa mkwe kwelikweli."

"Mkwe wapi! Nafuata kilima, bwana. Ningepata kilima kisicho na mama mkwe juu yake, asingeniona tena mpaka siku ya kumzika."

Nimeyaandika. Yako hapo. Nimeyatazama na wino haujafutika.

Spana hakucheka tena. Nilidhani mvua imekata mawimbi. Ndipo ikaja sauti ya mke wangu, ya chini, ile anayotumia kwa wagonjwa mahututi.

"Mume wangu, zima redio. Tunakusikia wote."

Sikuzima. Hewa ikafunguka tena, mtu kabonyeza, na safari hii hakusema neno. Nikasikia mvua inapiga bati. Ni bati la kilimani, nalijua mlio wake, lina kipande kilicholegea. Ikapiga kidogo, kisha akaachia.

Jumamosi, 30 Machi

Sikulala. Mke wangu hakunigombeza, na hilo ni baya zaidi. Ameniambia jambo moja tu: redio yake huwa mezani, na benchi la wagonjwa liko mbele ya meza. Walikuwepo kina mama na watoto wao. Mmoja alicheka nilipomwiga. Nilipofika kwenye kuzika, akafunika mdomo.

Nimepanda kilimani mapema. Nilipanga kuanza na mzaha kidogo ili kuvunja ukimya. Huu ndio ugonjwa wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, fundi."

Sikupata tena mzaha wala salio la hotuba. Alikuwa amevaa nguo za shamba, jembe mkononi.

"Ngazi iko pale, fundi. Kama unataka maji, mtungi uko mlangoni."

Akaenda zake shambani. Hakununa, hakurusha mlango. Nilikaza nati ambazo zilikuwa zimekaza, nikashuka.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemuuliza mke wangu kama mama ana shughuli Jumamosi siku hizi, maana nilimkuta na nguo za shamba.

Akakunja shuka mpaka mwisho kabla hajajibu. "Kila Jumamosi anashika jembe, tangu nikiwa mtoto. Mwezi wa tatu ndio aliacha. Alikuwa anavaa lile gauni la kijani kwa ajili yako. Aliniambia, 'Siku hizi mkwe wangu ananitembelea.'"

Nikaenda nje nikasimama.

Alhamisi, 4 Aprili

Jioni, redioni: "Maji yako chini. Pita. Mwisho."

Ndio hivyo kila jioni sasa. Hakuna hamjambo, hakuna wagonjwa, hakuna gereji. Nilikuwa nalalamika anaongea sana. Sasa anaongea kama kitabu cha maelekezo ya redio, na kila neno asilolisema nalisikia.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemtuma Spana anipatanishe, kwa kuwa naye kicheko chake kilikuwemo. Alikwenda na uso wa msiba, amerudi na uso wa aliyechapwa.

"Mimi kanisamehe," akasema. "Nimeomba, kanisamehe, kaniuliza na pikipiki. Wewe anasema hana neno nawe."

"Hana neno vipi?"

"Anasema mtu akisema uongo ndiye anayeomba radhi. Kama ulisema uongo, nenda kamwambie ni uongo, atafurahi. Kama ulisema kweli, anakushukuru, maana alikuwa hajui."

Spana akawasha pikipiki yake akaondoka. Mimi nikabaki na ile hesabu. Nimemuoa binti yake mwaka wa nane huu. Nje ya shughuli hii ya mlingoti, nimepanda kule kwa hiari yangu mara ngapi? Tulipomzika baba mkwe nilipanda. Na siku nyingine nilifuata ngazi ya kuazima.

Kwa hiyo siwezi kumwambia ni uongo. Aibu ya kusema neno baya ningeivumilia, kila mtu ameshawahi kuropoka. Aibu yangu ni kwamba sikuropoka. Nilisema kilichokuwemo.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. "Maji yamefika kwenye mawe. Pita upesi. Mwisho."

Jumamosi, 13 Aprili

Nilipanda. Nimepangusa paneli ya sola, ingawa nilikuta imeshapanguswa. Anaipangusa yeye kila asubuhi, sikumwomba. Nikasema, "Asante kwa kupangusa, mama." Akasema, "Si ndiyo inayomvusha mwanangu?"

Majirani wa bondeni wana msemo mpya. Mtu akiondoka mahali wanamwambia, "Tutaonana siku ya kukuzika." Muuza duka aliniambia hivyo akicheka, akidhani ni mzaha wangu na naupenda. Nililipa nikasahau sabuni.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua ya leo sijaiona tangu nizaliwe. Ilianza saa sita mchana ikawa inaongezeka badala ya kupungua. Kama saa tisa redio ikaanza kukoroma. Nikamwita mama, nikamwita mke wangu. Vipande tu vya sauti. Nilijua papo hapo: mlingoti umeyumba, antena haitazami inapopaswa. Nikajua pia ni kigingi kipi.

Nikachukua pikipiki ya Spana. Katikati ya mlima tope lilinishinda nikaiacha, nikapanda kwa mikono na magoti.

Kigingi cha nne kilikuwa kimeng'oka. Mlingoti umeinamia jiko la mama mkwe, umefumua mabati mawili, na mvua inaingia kwenye mafiga. Waya uliokuwa huru ameuzungushia nguzo ya jiko, na ule mwisho anaushika yeye, kaegemea nyuma kwa uzito wote, gunia kichwani, miguu imezama kwenye tope. Sijui alikuwa ameushika tangu saa ngapi. Laiti angeuachia, mlingoti ungeanguka upande wa shamba na jiko lake lingepona.

Aliniona. "Shika hapa, fundi."

Nikashika. Waya ulikuwa na damu, mvua ikaiosha mikononi mwangu. Alitoa redio kifuani alikokuwa ameifunga na mfuko wa nailoni.

"Mwanangu, usivuke. Maji yamepita njia yote, yanabeba miti. Lala hukohuko. Umenisikia? Usivuke."

Sauti ya mke wangu ikaja kwa kukwaruza. "Nimekusikia, mama. Nilikuwa nafunga mlango nitoke. Wewe je?"

"Mimi sijambo."

Nilitazama bondeni. Kivuko hakikuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya matofali, na mke wangu alikuwa anafunga mlango atoke.

Nikasema, "Mama, yale maneno yangu..."

"Vuta."

Nikavuta. Tukavuta wote wawili mpaka tukaufunga kwenye kisiki, na hakuna aliyesema lolote zaidi ya "huku" na "kaza".

Jumatano, 17 Aprili

Mke wangu amerudi asubuhi akiwa mzima. Alipitia kwanza kilimani.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeezeka upya jiko la mama na nimechimbia kigingi cha nne kwenye mwamba, pale alipopataka Spana. Mama ana bendeji viganja vyote viwili. Anashika kikombe kwa vidole vya pembeni.

Nikiwa juu ya paa nikageuka kufuata misumari, nikaona nyumba yetu. Sikuwahi kutazama upande ule. Kutoka kule unaona mlango wetu, kamba ya nguo, meza yangu ya karakana. Unaona nani katoka na nani kaingia.

"Mama," nikasema kutoka juu, "kumbe nyumba yetu inaonekana."

"Inaonekana." Alikuwa anachambua mboga kwa shida. "Mkianua nguo mvua inakuja, najua mpo. Msipoanua, nasema labda wamesafiri."

Miaka minane anajua nguo zetu, na mimi ninayeonekana sikuwahi kuinua shingo. Nilipigilia misumari nikiwa nimeinamisha uso, maana ulikuwa umelowa na mvua ilishakatika.

Jumatatu, 22 Aprili

Ofisi ya masafa imeleta ujumbe. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Mke wangu amesoma, akasema, "Mama atasema anachotaka. Usimwendee kumbembeleza." Sikuwa na nia ya kumbembeleza. Nilikuwa na nia, nimeiacha.

Alhamisi, 25 Aprili

Mkaguzi ni mwanamume mrefu wa buti za mpira, mpole, asiyependa maneno. Alipima masafa, akapima nguvu, akautikisa mlingoti, akalitazama paa jipya la jiko akaniangalia, hakuuliza. Kisha akasema, "Mwenye eneo?"

Mama mkwe alitoka ndani. Bendeji zilikuwa bado hazijatolewa.

"Mama, umekubali vitu hivi vikae kwako? Hujalazimishwa?"

"Nimekubali. Binti yangu anavuka mto."

"Na huyu?" Akaninyooshea kalamu. "Ni nani wako? Leseni ni ya jamaa. Asiye jamaa siwezi kumruhusu aongee."

Mama akanitazama. Akisema fundi, nimekwisha, na asingekuwa amedanganya. Mwezi mzima ndilo jina langu hapa. Sikumlaumu hata kabla hajasema.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Anajua kusema."

Mkaguzi akanigeukia.

"Mkwe," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtu aliyekutwa na kuku wa watu.

Akaandika. "Haya, sasa niwasikie hewani. Mwombaji aanze."

Nilijua wanaosikiliza. Spana gerejini. Mke wangu mezani, na benchi mbele yake, maana Alhamisi ni siku ya watoto na benchi hujaa. Ndio walewale walionisikia siku ile, au ndugu zao, au waliosimuliwa. Tangu mwisho wa Machi nilikuwa na maneno mazuri nimeyapanga kwa ajili ya mama, yenye mwanzo na mwisho na mzaha mdogo katikati. Nikabonyeza. Hayakuja. Kuku wa mama wakalia, upepo ukapita, na ripita ikavibeba hivyo ikavipeleka bonde zima. Nikaachia. Nikabonyeza tena. Hakuna kitu.

"Nani yuko hewani?" Ilikuwa sauti ya mke wangu, na ilikuwa na hofu. "Kilimani, kuna nini?"

Mkaguzi akaangalia kifaa chake. "Mawimbi yapo, sauti haipo. Maiki imekufa?"

Mama mkwe akatoa redio yake mfukoni. Akabonyeza kwa kidole kilichobaki nje ya bendeji, akangoja kidogo, akasema.

"Tulia, mwanangu, hakuna kilichoharibika. Ni mkwe wangu. Anatafuta maneno. Msubirini."

Akaachia.

Walinisubiri. Spana hakuingia, zahanati haikuingia. Nikabonyeza mara ya tatu.

"Mama, ni mimi. Yale niliyoyasema siku ile niliyasema mbele ya watu wote hawa. Na nilikuwa nayamaanisha, ndiyo sababu nimeshindwa kuja kwako na kusema ni uongo. Naona aibu. Naona aibu sana. Naomba unisamehe, mama, na wanaonisikia wasikie naomba."

Alikuwa amesimama karibu nami mno, redio zetu zikasikiana na yake ikaanza kupiga mluzi juu ya sauti yangu. Akarudi nyuma taratibu, hatua kwa hatua, mpaka ukutani, mluzi ukaisha, akaiweka redio sikioni akanisikiliza mpaka mwisho. Nikaachia.

"Inasikika," mkaguzi akasema, akikwepa kunitazama. Akatia saini, akanipa karatasi yangu, akaaga.

Tulibaki wawili uani. Nilianza kukusanya zana, nikaziangusha, nikaziokota. Mama akaangalia mlingoti, akaangalia paa.

"Jumamosi hakuna kazi hapa," akasema. "Chuma kimesimama. Jiko halivuji."

"Najua, mama. Nitakuja."

Akajikuna pembeni ya bendeji.

"Haya, njoo. Lakini mimi naongea sana, unajua."

Nilijua. Ni mimi niliyeitangazia dunia. Sikuweza kuinua uso, nikayaambia maviatu yangu yenye tope kwamba nitakuja mapema.